Baba alivyomtoa mwanawe: LBW moja ya Nairobi

Agosti 2006, Bangladesh ilipozuru Nairobi kwa mechi za siku moja, mwamuzi Subhash Modi aliinua kidole na mpigaji wa Kenya akatoka uwanjani kwa LBW, yaani mguu wake ulizuia mpira uliokuwa ukielekea kwenye wiketi, zile nguzo tatu anazozilinda. Mpigaji huyo alikuwa Hitesh Modi, mwanawe wa kumzaa. Mashabiki wa kriketi husimulia tukio hilo kwa kicheko, lakini ndani yake mna somo la uamuzi.

Hitesh alizaliwa Kisumu mwaka 1971, katika mji wa bandari ambao reli iliufikia mwaka 1901 na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja kuweka maduka. Alipiga kwa mkono wa kushoto, na kazi yake ilikuwa kushikilia mchezo wengine wanapoporomoka. Ushahidi ni Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, kwenye Kombe la Dunia. Wapigaji 6 wa Kenya walikuwa wameshatoka kwa mikimbio 81 dhidi ya West Indies. Hitesh, aliyemaliza na 26, akasimama na kijana Thomas Odoyo, nao wakaongeza zaidi ya 40. Kenya ikafika 166. West Indies, pamoja na nyota wao Brian Lara, wakaishia 93.

Mpigaji wa aina hiyo hatoki kirahisi. Basi mwamuzi humtoa vipi kwa LBW?

Kwanza, timu inayorusha lazima idai kwa mwamuzi kwamba mpigaji ametoka. Wasipodai, mwamuzi hana ruhusa ya kuinua kidole. Wakidai, mwamuzi hujiuliza maswali kwa mpangilio: mrushaji alivuka mstari? Mpira ulidunda nje ya wiketi upande wa miguu ya mpigaji? Uligusa gongo kabla ya mguu? Ulipogonga mguu, ulikuwa kwenye mstari wa wiketi, au nje yake upande wa pili huku mpigaji hajajaribu kuupiga? Kama usingezuiwa, ungezigonga nguzo? Jibu moja likimfaa mpigaji, mpigaji anabaki.

Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto, maswali hayo huwa magumu zaidi. Mrushaji wa mkono wa kulia anayepita upande wake wa kawaida wa nguzo huutuma mpira kwa mshazari, kutoka upande wa miguu ya mpigaji kuelekea upande wa pili. Ukidunda mapema mno kwenye mshazari huo, umedunda nje upande wa miguu, na dai limekufa. Ukidunda kwenye mstari na kuendelea na safari yake, huenda ukapita pembeni mwa nguzo. Ili atoke, mara nyingi ni lazima mpira udunde kwenye mstari kisha unyooke. Haya yote mwamuzi huyapima kwa kupepesa jicho. Mwaka 2006 hapakuwa na marudio ya kamera ya kukata rufaa. Macho ya Subhash ndiyo yaliyokuwa mahakama ya mwisho.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini ubora wa uamuzi ule hautokani na ukali wa mzazi. Unatokana na maswali yenyewe: hakuna hata moja linalouliza mpigaji ni nani. Mwamuzi anayeyafuata kwa mpangilio hana mahali pa kuingiza udugu, wala pa kujionyesha kwamba hapendelei. Hilo la pili ni hatari vilevile, kwa sababu baba anayeogopa kusemwa anaweza kumwonea mwanawe.

Hata hivyo, kumpanga mzazi amwamue mtoto wake ni kosa la wapangaji. Uamuzi ukiwa sahihi, watu watautilia shaka. Ukiwa mbovu, hawatausahau. Klabu na shule za Kisumu na kwingineko zinazotaka waamuzi wazuri zifanye mambo mawili: ziwafunze maswali yale matano mpaka yawe mazoea, na zisimpe yeyote mechi ya damu yake. Subhash alifaulu mtihani ambao hakupaswa kupewa.