Sanamu ya Lusinga na kitenzi cha makumbusho

Anayetaka kuyajua makumbusho na aanze na vibao vyake kabla ya kutazama vitu. Maandishi hayo mafupi yana sarufi yao. Mna jina la kabila, aina ya mti, urefu, namba ya daftari, na mwishoni jina la aliyekitoa kitu hicho kwa hisani. Kitenzi mara nyingi hakimo. Kikiwamo, huwa katika kauli ya kutendwa: kilipatikana, kilikusanywa, kilitolewa. Mtenda hatajwi, na msomaji anaachwa akidhani kwamba sanamu zilijiendea zenyewe Ulaya. Katika makala haya tunataka kuisoma sarufi hiyo kwa kuangalia kitu kimoja tu, ambacho historia yake inajulikana vizuri kuliko ya vingine vingi: sanamu ya mtawala Lusinga wa Watabwa, iliyomo katika mkusanyo wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji.

Sanamu hiyo ni ya mti, nayo inaonyesha mtu aliyesimama, mwenye chale mwilini na nywele zilizosukwa zikateremka mgongoni. Watabwa huita sanamu ya namna hii mkisi, na kazi yake ni kushika kumbukumbu ya wazee wa ukoo waliotangulia. Jina la fundi halikuandikwa na yeyote. Allen Roberts na Evan Maurer, katika maonyesho yao makubwa ya sanaa ya Kitabwa nchini Marekani, walieleza jinsi safu za pembetatu zinazorudiwa katika sanaa hiyo zinavyoitwa balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuusikia mwezi ndani ya neno hilo. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wahakiki wengi wa sanaa yetu huishia kwenye umbo, wakalisifu, wakapita. Maana iko katika lugha, na lugha hiyo ni jirani yetu.

Mwaka 1883 Luteni Emile Storms, aliyetumwa na Association Internationale Africaine iliyoundwa na Leopold II, alijenga kituo huko Mpala, ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Watu wa huko walimwita Bwana Boma. Jirani yake mwenye nguvu alikuwa Lusinga, aliyekuwa na bunduki na aliyefanya biashara ya watumwa na pembe pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki. Wawili hawa hawakuweza kukaa pamoja. Mnamo Desemba 1884 wapiganaji wa Storms waliushambulia mji wa Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa na kukipeleka Mpala. Sanamu nayo ikachukuliwa. Mwaka uliofuata kituo kikaachiwa mapadre wa White Fathers, na Storms akarudi Ubelgiji akiwa na vyote viwili.

Hatuna haja ya kumtakasa Lusinga. Mskoti Joseph Thomson alifika kwake mwaka 1879 na kuandika mabaya mengi juu yake, na hata tukipunguza chumvi ya msafiri yule, waliouzwa na Lusinga walikuwa watu. Lakini mkisi haukuwa mali ya mtu mmoja mwovu au mwema. Ulikuwa wa ukoo, na ukoo haukuhukumiwa na mtu.

Yaliyofuata huko Brussels ndiyo yanayostahili uhakiki mkali zaidi. Fuvu la Lusinga, pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili, lilikabidhiwa kwa wataalamu wa anthropolojia. Mwaka 1886 Emile Houzé akalipima na kuchapisha vipimo vyake kana kwamba tabia ya mtu husomwa kwa rula. Baadaye likaingia katika hifadhi ya taasisi ya sayansi ya viumbe, na umma ukalisahau hadi mwandishi wa habari alipolifufua suala hilo mwaka 2018. Sanamu ilipita njia nyingine. Ilikaa nyumbani kwa Storms, pamoja na mikuki na silaha nyingine kama mapambo, na katika miaka ya 1930 mjane wake akayapa makumbusho mkusanyo huo. Hivyo kichwa kikawa elimu ya viumbe, sanamu ikawa sanaa. Siku moja, mji mmoja, mkono mmoja ulivitwaa. Sayansi mbili zikavigawana, na kila moja ikaweza kuandika kibao kisicho na damu.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Wanafunzi wetu wanapofasiri maandishi ya Kifaransa kuhusu makumbusho, karibu wote huandika kwamba vitu «vilikusanywa». Kukusanya ni kazi ya anayeokota kuni. Kwa vitu vinavyotwaliwa vitani Kiswahili kina nyara, na kina neno zuri zaidi kwa haja yetu, mateka, ambalo hutumika kwa watu waliotekwa na kwa vitu vilivyotekwa pia. Neno hilo moja linarudisha pamoja yale ambayo Brussels iliyatenganisha: fuvu na sanamu vyote ni mateka. Msomi anayeandika «vilikusanywa» juu ya mkisi wa Lusinga hajafasiri, amechagua upande.

Atatokea mtu wa kutujibu kwamba vitu vingi vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichongwa makusudi kwa ajili ya wageni. Ni kweli, na ndiyo maana hatupendekezi kitenzi kimoja kwa vyote. Tunadai kila kitu kipewe kitenzi chake. Maonyesho ya EXITCONGOMUSEUM, yaliyofanyika Tervuren kuanzia mwaka 2000, yaliuliza kwa ujasiri swali la vitu vilifikaje pale. Makumbusho hayo yalifungwa kwa matengenezo mwaka 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018.

Sheria nayo ina sarufi yake. Bunge la Ubelgiji lilipopitisha mwaka 2022 sheria ya kurudisha vitu vilivyotwaliwa wakati wa ukoloni, lilianza kuhesabu wakati huo mwaka 1885, na liliacha nje mabaki ya miili ya watu. Na tupime kwa mfano wetu: mkisi ulitekwa Desemba 1884, na kichwa ni mabaki ya mtu. Kimoja kinaachwa na tarehe, kingine na maana. Sijui kama yupo mtunga methali ambaye angebuni kisa kilichobana zaidi.

Kabla ya hapo, kati ya 1976 na 1982, vitu 114 vya Tervuren vilirudishwa Kinshasa, na wenzetu wa Ulaya hupenda kutukumbusha kwamba baadhi ya vitu viliibwa katika hifadhi zetu miaka ya 1990. Viliibwa, naam, na walionunua hawakuwa wakulima wa Mpala.

Kitabu kinachofaa kusomwa juu ya kisa hiki ni *A Dance of Assassins* cha Allen Roberts (2013). Roberts aliishi Lubanda katika miaka ya 1970, na sifa yake kubwa ni kuiweka shajara ya Storms kando ya masimulizi ya wazee wa Kitabwa, bila kumfanya mmoja shahidi na mwingine mtu wa hadithi. Upungufu wake si wa mwandishi peke yake: kitabu ni cha Kiingereza, ghali, na mjukuu wa msimulizi hawezi kukisoma. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vipatavyo 84,000. Idara za Kiswahili, Lubumbashi na kwingineko, zingeweza kuanza na kurasa zinazohusu ukingo wa Tanganyika: kutafuta jina la kila kitu katika lugha ya waliokichonga, kisha kuandika karibu yake, kwa Kiswahili, nani alimtwalia nani nini, na kwa njia gani. Kwa mkisi wa Lusinga safu hiyo inaweza kujazwa leo, isipokuwa nafasi ya fundi.