Amosi na Kopo la Kupimia Unga

Wako watu wanaofikiri kwamba manabii wa Waebrania walichukia ibada yenyewe: sadaka, nyimbo, sikukuu na hekalu. Katika karne ya 19 wataalamu kadhaa wa Ulaya walifundisha hivyo. Na hapa kwetu Pweto nimesikia neno lilo hilo mdomoni mwa vijana wasiotaka tena kuja Misa: «Mungu anatazama moyo tu, katekista.» Mimi naona wamesoma nusu ya kitabu. Isaya alipata maono yake ndani ya hekalu. Yeremia alikuwa wa ukoo wa makuhani wa Anatoti. Ezekieli alikuwa kuhani mwenyewe. Naye Malaki anawagombeza makuhani kwa kutoa wanyama vipofu na vilema, wala hawaambii waache kutoa.

Basi Amosi, mchungaji wa Tekoa, alikasirikia nini? Ni kweli, maneno yake juu ya sikukuu za Israeli ni makali mno; katika sura ya 5 Mungu anakataa hata kusikia vinanda vyao. Si ajabu Amasia, kuhani wa Beteli, alimfukuza. Lakini twende sura ya 8, maana naona ufunguo uko pale. Nabii anatuonyesha wauza nafaka siku ya Sabato. Tazameni vizuri: watu hawa hawavunji Sabato. Duka limefungwa, mizani imewekwa kando. Kosa lao ni swali walilo nalo moyoni: sikukuu hii itakwisha lini, tufungue tena magunia? Kisha Amosi anaeleza wizi wao kama mtu aliyekaa sokoni siku nyingi. Efa, ndicho kipimo cha nafaka, wameipunguza. Shekeli, ndilo jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wameiongeza uzito. Mnunuzi anaibiwa mara mbili katika biashara moja, na juu yake anauziwa makapi. Mhubiri mwingine angesema tu kwamba maskini wanadhulumiwa, na kila mtu angeitikia. Amosi ametaja kipimo.

Nani katika Pweto hajui kopo lililogongwa kitako likaingia ndani? Nilipowasomea watu sura hii, mama mmoja muuza unga alicheka, halafu akanyamaza.

Nchi yetu imepewa utaratibu wa Misa ambao Amosi, nadhani, angeufurahia. Katika Misale iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa siku zile, toba haiko mwanzoni. Watu husikiliza kwanza Neno la Mungu na mahubiri. Kisha wanaomba toba, wananyunyiziwa maji, wanapeana amani, ndipo matoleo yanaletwa altareni. Ni kama Yezu alivyoagiza katika Injili ya Matayo: kupatana na ndugu kwanza, sadaka baadaye. Wageni wakija husifu ngoma na kucheza kwetu. Ni vema. Lakini mimi uzuri wa Misa hii nauona hasa hapo, kati ya mahubiri na matoleo.

Hata hivyo utaratibu mzuri waweza kugeuka Sabato ya wale wachuuzi. Naungama langu. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, nilishika mikono ya watu wote wa benchi langu kwa furaha kubwa. Mbele yangu, benchi la tatu, alikaa mvuvi aliyekuwa akinidai bei ya samaki tangu majira ya mvua. Nilimwona kisogo. Wimbo ulikuwa mrefu, watu walipita huku na huku wakisalimiana. Nafasi ya kwenda ilikuwapo. Sikwenda. Nikatia kikapuni noti ambayo kwa haki ilikuwa yake, nikarudi mahali pangu nikiimba.

Nilimlipa Jumatano, ukingoni mwa Ziwa Moero, penye mitumbwi. Alihesabu franga mara mbili. Juu ya Misa hakusema neno.