Dhihaka katika Ushairi wa Warumi

Kucheka ni tabia ya kila mwanadamu, lakini kumcheka mkosaji mpaka akajirudi ni sanaa. Warumi wa kale walipokea fani nyingi za ushairi kutoka kwa Wayunani. Fani moja waliidai kuwa yao wenyewe, nayo ni mashairi ya dhihaka. Jina lake kwa Kilatini, satura, hudhaniwa kuwa lilitokana na sinia iliyojaa matunda ya namna mbalimbali, kwa kuwa mashairi hayo yalichanganya mambo mengi.

Aliyeipa fani hii ukali wake ni Lucilius, aliyefariki karibu na mwaka 102 K.K. Alitunga vitabu 30, ambavyo leo vimebaki vipande tu. Aliwataja wakubwa wa mji kwa majina yao hali wangali hai. Ushujaa huo twausifu, lakini tusisahau kuwa ulikuwa na ngao. Lucilius alikuwa mtu wa mali, tena rafiki wa Scipio, jemadari aliyeiteketeza Carthage mwaka 146 K.K. Aliye nyuma ya ukuta mnene hurusha mawe bila hofu.

Horace, aliyezaliwa mwaka 65 K.K., hakuwa na ukuta huo. Baba yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru, na yeye mwenyewe alipigana Philippi mwaka 42 K.K. katika jeshi lililoshindwa. Baadaye alifadhiliwa na Maecenas, mwandani wa mtawala mpya. Mtu wa hali hiyo angethubutuje kuwatukana wakubwa? Hata hivyo hakunyamaza. Aliwaacha wakuu wa dola akaziandama tabia: uchoyo, tamaa na kutoridhika, tena alijihesabu miongoni mwa wakosaji. Katika shairi lake moja, mtumwa wake Davus anatumia sikukuu ya Desemba, ambayo watumwa waliruhusiwa kunena watakavyo. Anamwambia bwana wake kuwa akiwa mjini hutamani shamba, na akiwa shamba husifu mji. Na kwamba mtu atawaliwaye na tamaa zake ni mtumwa vilevile. Bwana hana jibu ila hasira na vitisho. Horace alitunga shairi ambalo mshindwa ni yeye mwenyewe!

Juvenal aliandika mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo. Yeye alitangaza wazi kuwa atawashambulia wafu. Kaisari Domitian aliuawa mwaka 96; baadaye Juvenal alimchora akiwaita washauri wake kwa haraka ili waamue namna ya kumpika samaki mmoja mkubwa mno. Wako wasemao kuwa kumpiga maiti ni woga. Mimi sikubali. Wazee wenye heshima wanaojadili samaki huku wakitetemeka huwafundisha walio hai jinsi woga wa wengi unavyoulea udhalimu wa mmoja.

Kasoro ya Juvenal iko mahali pengine. Katika shairi lake la tatu, msemaji analalamika kwa haki juu ya maskini wa Roma, wakaao katika nyumba za ghorofa zinazobomoka na kuungua. Lakini papo hapo anawatupia lawama wageni. Katika shairi la sita wanawake ndio wanaotukanwa. Hapo dhihaka inamwacha mwenye nguvu na kumwangukia mnyonge.

Basi, tukisoma mashairi ya namna hii, haitoshi kuuliza kama yanachekesha. Yafaa tuulize ni nani anayechekwa, na kama mchekaji naye amejitazama katika kioo anachowashikia wenzake. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Horace aliliona lake, akalionyesha. Kwa hiyo Juvenal hutisha zaidi, lakini Horace ndiye ninayemwamini.