Shaba Inayofunza Kungoja

Tuliosoma chini ya miembe tunaijua kengele ya rimu la gari. Lilining'inizwa tawini, na saa ikifika kiranja wa zamu alilipiga kwa nondo, nasi tukakimbilia mstarini. Chuma kikilia, maana yake ilikuwa moja: inuka! Basi siku nilipolala chali jamvini kwa mara ya kwanza, blanketi hadi kidevuni, mbele ya upatu mkubwa kuliko sinia la pilau ya arusi, mwili wangu wote ulijikaza ukisubiri kishindo.

Sisemi upatu wa kupeana fedha. Nasema ule wa ngomani, bamba la shaba lipigwalo kwa kijiti. Huu wa siku ile ulikuwa jamaa yake mkubwa, bapa, wa aina inayofuliwa Ujerumani na China, na watu hulala mbele yake kwa muda wa saa nzima ili wapumzike.

Mpigaji alikuwa mama wa makamo. Alitangulia kutuuliza kama kuna mwenye kifafa au masikio yanayoumizwa na kelele, kisha akachukua kirungu chenye kichwa cha sufu, akakigusisha kwenye bamba, mbali kidogo na kitovu. Akagusa tena, na tena. Sikusikia kitu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiuamsha. Upatu uliopoa ukipigwa ghafla hutoa ukelele wa sufuria iliyoanguka. Ukiamshwa kwanza, bamba zima huwa limeshaanza kutetema kabla sikio halijajua.

Ndipo akapiga pigo moja, si kubwa. Mkono ulikuwa umeshaondoka, na sauti bado inakua. Ilianza na ngurumo ya chini, kisha, baada ya kitambo, vikapanda juu yake vimulimuli vya sauti nyembamba, kana kwamba kuna mtu wa pili. Hapakuwa na mtu wa pili. Katika bamba bapa, nguvu ya pigo huanzia kwenye mitetemo mikubwa ya polepole, halafu husambaa hadi kwenye midogo ya kasi. Kwa hiyo kila pigo lina sehemu inayochelewa kufika, na mpigaji mwenye haraka huizika kabla haijazaliwa. Mama yule alikuwa akiingoja. Alipiga, akasikiliza alichokifanya, ndipo akaamua la kufuata. Safari nyingine aliweka kirungu chini, akachukua mpira mdogo wenye kijiti, akausugua taratibu juu ya bamba, likatoa mlio mrefu wa kitu kikubwa kinachopita mbali baharini.

Subira hiyo haianzii kwake. Karibu na mji wa Surakarta, Java ya Kati, kuna kijiji kiitwacho Wirun ambako wahunzi hufua ala za gamelan, muziki wa jadi wa Kijava, na kubwa kuliko zote ni gong ageng, yenye nundu katikati. Shaba yake kwa Kijava huitwa gangsa, na wenyewe hulifasiri jina hilo kuwa limetoka katika tiga na sadasa, yaani tatu na kumi: sehemu 3 za bati kwa 10 za shaba nyekundu. Bati hilo jingi ndilo linaloipa sauti umri mrefu, na ndilo linaloifanya ipasuke kama chungu ikifuliwa baridi.

Kwa hiyo kibanda cha mhunzi huachwa na giza hata mchana, kwa sababu kipimajoto chake ni jicho. Bamba hutolewa makaani likiwa jekundu, mmoja huligeuza, na wenye nyundo hupokezana mapigo. Wekundu ukianza kufifia, nyundo husimama na bamba hurudi motoni. Pigo moja lililochelewa laweza kulipasua, na lililopasuka huyeyushwa upya. Umbo likishapatikana, hutumbukizwa majini lingali moto. Maji hayo hayo yanayoukaza upanga wa chuma cha pua huiondolea shaba hii wepesi wake wa kuvunjika.

Kisha huja kazi ya sikio: kupiga, kusikiliza, kugonga kidogo, kusikiliza tena. Fundi hutafuta kile Wajava wakiitacho ombak, yaani mawimbi. Sauti mbili zikikaribiana sana, tuseme mitetemo 50 na 52 kwa sekunde, sikio husikia moja tu inayoumuka na kupwa mara mbili kila sekunde. Upatu mzuri una maji kujaa na maji kupwa ndani yake. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza gamelan katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na mimi nikiifikiria heshima hiyo nawaona wale walio gizani wakitazama rangi.

Je, sauti hii huponya? Naliheshimu neno hilo, kwa hiyo silitumii ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nchini Marekani, juu ya watu 62 waliolala wakisikiliza bakuli za shaba za Kitibeti na ala nyingine, upatu ukiwemo, ulikuta mkazo, hasira na uchovu vimepungua baada ya kikao. Haukuwa na kundi la kulinganishia, na upatu hauchukui nafasi ya daktari. Ninachoweza kukishuhudia ni kidogo na ni cha kweli: mabega yaliyoingia yakisubiri kishindo yalishuka, na sikujua yameshuka saa ngapi.

Mwishoni mama yule alipiga pigo dogo kuliko yote. Hakuushika upatu ili kuunyamazisha. Alisimama, kirungu kikiwa ubavuni, akaungoja unyamaze wenyewe, nasi tukaungoja pamoja naye. Hakuna aliyetuambia inuka.