Papa, Chewa na Jicho la Mzamiaji

Katika filamu ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence (1956), meli ya Calypso inalifuata kundi la nyangumi katika Bahari ya Hindi. Mtoto mmoja wa nyangumi anakatwa na rafadha ya meli. Mabaharia wanammaliza ili asiteseke, damu inatanda majini, na papa wanafika. Kizimba kinashushwa ili wapigwe picha wakila. Hadi hapo mtazamaji anaweza kuamini kwamba anaonyeshwa maumbile kama yalivyo. Kisha msimulizi anasema kwamba mabaharia wote wa dunia huwachukia papa, na watu wa Calypso wanaanza kuwavuta kwa kulabu hadi sitahani na kuwapiga mashoka. Papa wale hawakuwa wamemdhuru mtu yeyote. Aliyemuua nyangumi ni meli.

Filamu hiyo ilipata Palme d'Or huko Cannes mwaka 1956, kisha Oscar ya filamu ya makala, na ndiyo iliyowafundisha watu wengi namna ya kuitazama bahari kutoka chini. Wanaoikosoa siku hizi huukosoa ukatili wake, na jibu huwa tayari: zama zilikuwa nyingine, na Cousteau mwenyewe baadaye akawa mtetezi mashuhuri wa bahari. Jibu hilo ni la haki, lakini linaiacha sentensi yenyewe bila kuguswa. Tatizo la sentensi ile si chuki tu. Tatizo ni neno "wote".

Katika bahari hiyohiyo, miaka hiyohiyo, majahazi yaliteremka na upepo wa kaskazi kutoka Oman na Hadhramaut yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakangoja kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Lamu, Mombasa na Unguja zilimjua papa kwa harufu ya tumbini kabla ya kumjua kwa picha. Papa alikuwa mchuzi wa nazi, alikuwa bei, alikuwa mzigo wa kugombewa bandarini. Mabaharia wale walimwogopa papa, na walikuwa na sababu. Ila mtu hamchukii kiumbe anayemlisha. Msimulizi wa Cousteau hakuwahesabu, kwa kuwa katika "dunia" yake baharia ni yule anayepita juu ya maji na kuendelea na safari.

Isidhaniwe kwamba nahodha wa jahazi alikuwa mlinzi wa bahari. Majarife yamewaua papa wengi kuliko shoka za Calypso, na soko la mapezi limemfanya hata mvuvi mdogo kuwa mkono wa biashara ya mbali. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021 ulikadiria kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na chanzo kikuu ni uvuvi. Anayemla papa anaweza kummaliza sawasawa na anayemchukia. Tofauti iko katika masimulizi: mla papa analazimika kujua kwamba papa amepungua, kwa maana sufuria humwambia. Mzamiaji hana sufuria.

Hapo ndipo kisa cha Jojo kinapopata uzito wake. Jojo ni chewa mkubwa ambaye wazamiaji walimkuta katika kisiwa cha Assumption, mojawapo ya visiwa vya Shelisheli vilivyo kaskazini mwa Bukini. Wanapowalisha samaki wadogo nyama, Jojo anajipenyeza, anataka mfuko mzima, anawafuata kama mbwa wa nyumbani, hadi wanamfungia kizimbani ili kazi iendelee. Ni sehemu inayopendeza kuliko zote katika filamu, na si kwa hila: samaki ametazamwa kwa subira mpaka tabia yake imeonekana. Lakini tabia hiyohiyo ya kumkaribia mtu bila hofu ndiyo iliyomponza chewa kila mahali bunduki ya mishale ilipofika. Hukua polepole na hukaa kwenye pango lake. Isitoshe, katika aina nyingi za chewa jike hugeuka dume anapokuwa mkubwa, hivyo kuwaondoa wakubwa ni kuwaondoa madume. Filamu haina neno juu ya hayo. Imempa samaki mmoja jina na kumwachia huru, na mtazamaji anatoka akidhani ameshuhudia urafiki wa binadamu na bahari.

Ni filamu hiyohiyo iliyolipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki. Msimulizi anakiri kwamba mvuvi akifanya hivyo ni uharibifu, ila kwa mtaalamu ndiyo njia ya kupata hesabu kamili. Msomaji anayetoka pwani ya Tanzania, ambako uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku mwaka 1970 na bado ukaendelea kuvunja matumbawe kwa miongo kadhaa, hawezi kuipita hoja hiyo kimyakimya. Mshindo ni mmoja, na samaki wanaoelea matumbo juu ni walewale. Kinachobadilika ni nani anayeshika kalamu baada ya mlipuko.

Mwanasayansi Daniel Pauly alieleza mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukua hali ya bahari kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi yake kuwa ndiyo ya kawaida, kisha hupima hasara kuanzia hapo. Loren McClenachan aliionyesha hali kama hiyo kwa picha za watalii wa Key West, Florida, waliosimama mbele ya samaki waliowavua. Katika picha za miaka ya 1950 samaki walikadiriwa kuwa na wastani wa karibu kilo 20. Kufikia 2007 walikuwa kilo 2.3. Tabasamu za watalii hazikupungua, wala nauli ya safari haikushuka. Kwa mhakiki, picha zile zina thamani kuliko maandishi mengi ya wazamiaji, kwa sababu zimepangwa pamoja. Masimulizi ya kuzamia hupenda kuanza upya kila mara: mtungi wa hewa, buluu, kivuli kikubwa, mshangao. Ukiyasoma moja moja, bahari imejaa.

Mfano wa karibu ni papa potwe wa Mafia, ambao hukusanyika upande wa Kilindoni kuanzia takriban Oktoba hadi Machi. Wageni huingia majini kuogelea naye, na wakirudi humwandika kama jitu la kale. Ukubwa huo si wa kubuni. Mita sita au saba si kitu kidogo kando ya mwili wa mtu. Ila wengi wa papa potwe wa Mafia ni madume ambao bado hawajapevuka. "Jitu" ni kijana. Na mara nyingi yuko palepale walipo dagaa walewale wanaofuatwa na nyavu za wavuvi wa Mafia, watu ambao katika simulizi za wageni huonekana, wakionekana, kama mashua za kupendezesha upeo wa macho.

Kiswahili kina jina papa upanga, la samaki ambaye wataalamu humweka katika jamii ya taa, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno. Jamii yake ni kati ya samaki walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka duniani. Ni nadra mzamiaji kuuziwa safari ya kwenda kumtazama. Jina lipo, linatamkwa Muscat na London kama Kilwa, na wanaolitamka wengi wao hawajawahi kumwona zaidi ya pua yake iliyokauka, ikiwa imetundikwa ukutani.