Akili ya Umeme Ikae Kwenye Betri

Kidhibiti joto cha Nest kilipoingia sokoni Marekani mwaka 2011, kilieneza imani kwamba nyumba yenye vifaa janja ni nyumba inayookoa nishati. Kule imani hiyo ina msingi, maana gharama kubwa ya nishati nyumbani ni kupasha joto wakati wa baridi, na kifaa kinachotambua kwamba wenyeji wametoka kinaweza kupunguza joto hilo asiwepo wa kuumia. Hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, hakuna anayepasha nyumba joto. Mji uko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, vyakula vinaivia kwenye makaa, na mwenye umeme mara nyingi anautoa kwenye paneli iliyo juu ya bati na betri moja iliyo chumbani. Hapa kuokoa umeme ni kuhakikisha taa inafika usiku wa manane.

Tupige hesabu. Paneli ya wati 100, ukishatoa kinachopotea kwa vumbi, joto, waya na betri, tuseme inakupa wati-saa 300 kwa siku ya jua zuri. Balbu tatu za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, zinakula 75. Hapo umebaki na akiba nzuri. Sasa leta balbu na soketi zinazoamriwa kwa simu. Zinahitaji ruta, na ruta ya wati 8 isiyozimwa inakula 192. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 220, kwa hiyo inveta nayo hailali. Ikila wati 10 bila kubeba mzigo wowote, ni 240 nyingine. Jumla inapita 430, na bado hujawasha taa hata moja. Kwa nyumba ya namna hii, kifaa kinachouzwa kwa jina la kuokoa kinamaliza umeme wote uliopo. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu bidhaa hizi zinafika Kindu kwa ndege au kwa reli ya kusini, bei ikiwa imeongezeka njiani, na anayezinunua ametoa fedha ya jasho.

Kampuni ya Azuri ya Cambridge, Uingereza, iliyouza mitambo midogo ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, iliipa akili kazi tofauti. Programu yake iitwayo HomeSmart haikumtaka mteja abonyeze chochote. Ilifuatilia chaji iliyoingia mchana, ikajifunza mazoea ya nyumba jioni, na siku ya mawingu ikapunguza mng'ao wa taa ili mwanga usikatike kabla ya saa ambayo familia imezoea kulala.

Ujanja huo unafanya kazi kwa sababu mbili. Kwanza, jicho halipimi mwanga kwa mstari ulionyooka: ukipunguza mwanga wa taa kwa nusu, chumba hakionekani kuwa na giza la nusu. Mtoto anaendelea kusoma, nawe umeongeza saa za mwanga karibu mara mbili. Pili, LED ikipewa mkondo mdogo haipati joto sana, na kila wati inatoa mwanga zaidi kidogo. Ulinganishe na kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya jua kwa mkopo Kenya mwaka 2012 na kuweka laini ya simu ndani ya kisanduku: akili ile kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda mkopo. Ni kazi halali, ila haimwongezei mteja dakika ya mwanga.

Anayejifungia mtambo mwenyewe hapa Kindu, mtaani Kasuku au ng'ambo ya mto Lualaba kule Alunguli, anaweza kupata sehemu ya akili hiyo kwa kidhibiti chaji kinachokubali kurekebishwa kiwango cha kukata umeme. Vingi vya bei nafuu vinakata umeme betri ikiwa imeshuka hadi volti 11 au chini, na betri ya risasi hapo imekwisha kabisa. Ikitulia bila mzigo, volti 12.1 tayari ni nusu. Betri ya gari, yenye sahani nyembamba, ikinyonywa hivyo kila usiku inakufa mapema, na hasara hiyo inazidi akiba yoyote ya balbu.

Upande wa pili wa hesabu, kwa mwenye paneli kubwa zaidi, ni mchana, betri ikijaa mapema na paneli ikabaki bila kazi. Swichi inayojiwasha volti zikipanda, na kujizima zikishuka, inaweza kupeleka ziada hiyo kwenye friza, bila intaneti. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la karibu wati-saa 93. Kilo 10 zilizogandishwa saa sita mchana zinalinda samaki usiku bila kugusa betri. Hesabu hii inahusu hata umeme wa mtaa. Nuru, kampuni iliyofungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 Ndosho, Goma, mwaka 2020, ilitangaza mwaka 2023 kupata fedha za kujenga Goma, Bunia na Kindu. Katika mtambo wa jua, umeme wa mchana unakwenda moja kwa moja kwa mteja, ilhali wa usiku lazima upite kwenye betri za gharama kubwa. Mitambo ya Kindu ikiuza umeme wa saa sita kwa bei iliyo chini ya ule wa usiku, swichi hiyo ya friza itajilipa kabla ya soketi yoyote ya simu.