Jinsi ya Kusoma Kadi ya Kale ya Besiboli Kabla ya Kutoa Pesa

Kadi ya besiboli iliyotoka ndani ya pakiti ya sigara mwaka 1910 ina haki ya kuchakaa. Imepita mikononi mwa watoto, imekaa mifukoni, pengine ilibandikwa kwenye albamu kisha ikabanduliwa. Kwa hiyo mnunuzi asihangaike kwanza kuhesabu kasoro, bali aangalie kama kasoro hizo zina umri mmoja. Kadi halali huzeeka yote kwa pamoja: kona, kingo, uso na mgongo. Sehemu moja ikionekana changa kuliko nyingine, mkono wa mtu umepita hapo.

Chukua mfano wa kadi za T206, zilizotolewa na kampuni ya American Tobacco kati ya 1909 na 1911. Ni ndogo, takribani milimita 36.5 kwa 66.7. Mbele pana picha ya mchezaji, nyuma pana tangazo la sigara, mara nyingi Piedmont au Sweet Caporal. Ishike chini ya taa na uilaze kidogo ili mwanga uipige kwa ubavu. Kona zitakuwa zimelainika na nyuzi za karatasi zimeanza kuachana. Sasa tembeza jicho taratibu kwenye ukingo unaotoka kona moja hadi nyingine. Ukingo wa kadi iliyotumika huwa umefifia na una vijeraha vidogovidogo. Ukiukuta mweupe, umenyooka, mkali kana kwamba umekatwa jana, ilhali kona zake zimechoka, irudishe mezani. Kuna mtu amepunguza pambizo ili kadi ionekane safi na picha ikae katikati.

Rula inasaidia, ila usiiachie hukumu. Ukataji wa viwandani wakati ule haukuwa sawasawa, na kadi zenye tangazo la American Beauty zilitoka zikiwa nyembamba kidogo kuliko nyingine. Anayehukumu kwa rula peke yake atazikataa kadi zisizo na hatia.

Baada ya kingo, tazama wino. Lenzi inayokuza mara kumi inatosha. Kwenye T206 halisi, jina la mchezaji lililo chini ya picha limechapwa kwa wino wa kahawia, herufi zimejaa. Nakala nyingi za siku hizi huchapwa kwa vinukta vya rangi nne, na ukikuza utaviona vinukta hivyo hata ndani ya herufi. Taa ya urujuanimno nayo ina kazi yake. Karatasi nyingi za baada ya Vita Kuu ya Pili zimetiwa kemikali za kung'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka weupe wenye ubuluu. Kadi ya 1910 ikiwaka hivyo, si ya 1910. Isipowaka, bado hujathibitisha lolote, kwa sababu karatasi kuukuu hupatikana na mghushi anajua pa kuitafuta.

Kwa kadi za kampuni ya Topps za 1952 kuna kipimo chepesi zaidi. Zile za asili zina karibu milimita 67 kwa 95. Nakala ambazo Topps yenyewe ilizitoa mwaka 1983 ni ndogo kuliko hapo, na mgongoni zimeandikwa kuwa ni nakala.

Sasa lile kasha la plastiki lenye namba. Kampuni za kupima kadi, kama PSA na SGC, huifungia kadi ndani ya kasha na kuipa daraja kuanzia 1 hadi 10, na daraja moja laweza kuongeza bei mara kadhaa. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya Topps 1952 yenye daraja la 9.5 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 katika mnada wa Heritage. Pesa za namna hiyo ndizo zinazomshikisha mtu wembe. Na namba hukosea. Kadi ya Honus Wagner ya T206 ambayo Wayne Gretzky na Bruce McNall waliinunua kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1991 kwa dola 451,000 ilipewa daraja la 8 na PSA. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliwahi kuikata kingo. Wapimaji wana ujuzi na maoni yao yana uzito, lakini hubaki kuwa maoni. Isome kadi iliyo ndani ya kasha kana kwamba kasha halipo.

Kesi hiyohiyo ya Mastro ilifichua pia madau ya uongo, yaani kupandisha bei wakati hakuna mnunuzi. Ndiyo maana masharti ya mnada husomwa kabla ya picha: nani anaruhusiwa kushindania mali, na muda unaongezwaje dau jipya likiingia dakika za mwisho. Ada ya mnunuzi nayo iingie kwenye hesabu. Pale inapokuwa asilimia 20, dau la dola 1,000 ni malipo ya dola 1,200, bado kodi na usafirishaji. Omba picha za kingo na mgongo kwa ukubwa wa kutosha. Usipopewa, usishindanie.

Kwenye maonyesho, kubwa kuliko yote Marekani likiwa lile la kitaifa linalofanyika tangu 1980, unapata kile ambacho mnada wa mtandaoni haukupi: kadi iko mbele yako na mwenyewe yupo. Omba ruhusa kabla ya kuitoa kwenye mfuko wake, na muulize aliipata wapi. Mwuzaji mzuri hakasirikii lenzi. Anayekuharakisha umwache na bidhaa yake.

Na ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kadi ya daraja la 3 ambayo haijaguswa na ya daraja la 7 yenye ukingo unaotia shaka, chukua ya 3.